Umoja wa Vioo, Umoja wa Safu

Ukikiweka kioo cha simu chini ya hadubini, picha inapotea. Zinabaki nukta tu: nyekundu, kijani, buluu. Kioo cha simu ya bei ya kawaida, kile cha 720 kwa 1600, kina nukta zaidi ya milioni moja, na hakuna hata moja kati yake inayojua kama imo kwenye shavu la bibi harusi au kwenye tangazo la unga. Mimi ni fundi simu. Kibanda changu kiko kando ya Barabara ya Digo, Mombasa, na nukta hizo ndizo zinazonilisha. Kabla ya ufundi nilisoma falsafa chuo kikuu, nikamaliza. Anayetaka kucheka na acheke, wengi washacheka. Na kabla ya falsafa nilikaa chuoni, yaani madrasa, Kibokoni, nikahifadhi vitabu vya Safina na Akidatul Awami pamoja na watoto wengine wa mtaa. Elimu hizo tatu hazigombani kichwani mwangu, ila kwa miaka mingi hazikuwa zikisemezana. Aliyezikutanisha ni mtoto wa kakangu, siku alipoamua kupanga simu nane juu ya meza yangu ya kazi ziwe kioo kimoja.

Wazo lenyewe si lake, wala hakusema ni lake. Mwaka 2011 Rick Borovoy na Brian Knep wa MIT, Marekani, walitengeneza kitu walichokiita Junkyard Jumbotron, yaani kioo kikubwa cha uwanjani kilichoundwa kwa makorokoro. Unachukua simu na kompyuta zozote ulizo nazo, nzima na za zamani, kila moja unaifungulia ukurasa mmoja wa intaneti. Kila kioo kinaonyesha alama yake ya miraba myeusi na myeupe isiyofanana na ya mwenzake. Unavipanga unavyotaka, hata mshazari, unavipiga picha vyote kwa pamoja, unaituma ile picha kwenye seva. Seva inazisoma alama, inapiga hesabu kila kioo kiko wapi, kimelala upande gani na ukubwa wake ni upi, kisha inakata picha unayotaka kuitazama na kukipelekea kila kioo kipande chake. Huhitaji kuweka programu yoyote wala kuunganisha waya.

Kijana wetu alifanya hivyo kwa kiasi chake: kompyuta moja kuukuu pale pembeni ikawa seva, hotspoti ikatoka kwenye simu yake, na vijana wa vibanda jirani wakatoa simu zao. Za wateja sikuruhusu ziguswe. Amana ni amana. Zikapangwa Tecno, Infinix, Itel na Samsung moja iliyopasuka ncha, na mara likatokea jahazi limetweka tanga, limeenea meza nzima. Watu wakapiga kelele hadi muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akaja kutazama.

Nikawatazama wao. Hawa ni watu ambao kutwa wanatazama picha zilizoundwa na nukta milioni, na sijasikia mmoja akishangaa. Simu nane zikiunda picha moja, wanapiga makofi. Kwa nini? Nukta ni nyingi zaidi na ni ndogo zaidi. Ingekuwa mshangao ni wa kuona wingi ukiwa umoja, wangeshangaa kila wanapofungua simu. Nadhani tofauti ni kwamba nukta haina mwenyewe. Simu ina mwenyewe, ina siri zake, ina laini yake, ina nywila ambayo hata mke haijui. Kilichowafurahisha ni kuona mali ya watu wanane, ambayo kwa kawaida hakuna anayekubali ishikwe na mwenzake hata dakika tano, imelazwa pamoja na kukubali kuwa kipande cha kitu kisicho cha mmoja wao.

Na kukubali huko kulikuwa na mpaka. Simu iliyobeba ncha ya tanga ilipigiwa. Tanga likatoweka, pakatokea jina la mama mtu na duara la kijani la kupokea. Mwenyewe akainyakua, akatoka nje kuongea. Simu saba zilizobaki ziliendelea kuonyesha jahazi bila ncha ya tanga kana kwamba hakuna lililotokea. Kwao hakuna lililotokea kweli. Hapo ndipo swali lilipoanza kunisumbua: huo umoja tuliokuwa tukiushangilia ulikuwa wapi? Ndani ya simu haukuwemo. Simu ya kushoto haikujua kama kulia kwake kuna mwenzake. Haikujua alipokuwepo wala alipoondoka.

Kijana akanionyesha jingine. Akaweka kidole kwenye Itel, akaburuta, na jahazi lote likasogea, mpaka kwenye Infinix iliyokuwa mwisho wa meza.

“Shangazi, umeona? Nagusa hapa, inasogea kule.”

“Wewe umesogeza kule?” nikamuuliza.

Akafikiri. “Hapana. Nimeiambia kompyuta. Kompyuta ndiyo imeiambia Infinix.”

Aliyesoma Ghazali hawezi kusikia jibu hilo akatulia. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 kule Tus, aliandika katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafutu l-Falasifa, suala la 17, kuhusu pamba na moto. Tunaona moto unaikaribia pamba, tunaona pamba inaungua, na tunasema moto umeiunguza. Ghazali anasema macho yetu yameona mambo mawili yakifuatana na hayakuona zaidi ya hapo. Mtendaji ni Mwenyezi Mungu. Moto na pamba vinakutana tu, na Yeye ndiye anayeumba kuungua. Maashari wenzake, wanatheolojia wa madhehebu yake, walikwenda mbali zaidi: sifa za vitu, rangi, mwendo, joto, hazidumu nyakati mbili, kila kitambo zinaumbwa upya. Nilipokuwa chuo kikuu nililiona fundisho hilo kuwa la ajabu mno. Baadaye nikajifunza ufundi, nikaambiwa kioo cha simu kwa kawaida kinachorwa upya mara 60 kwa sekunde hata kama picha imetulia tuli. Sikuliona tena kuwa la ajabu. Jahazi letu mezani lilikuwa la Kiashari mia kwa mia: kidole hakisogezi, kioo hakimgusi jirani, na yuko mmoja pembeni anayempa kila mmoja hali yake, kitambo baada ya kitambo.

Ibn Rushd, mwanafalsafa wa Qurtuba, aliyefariki mwaka 1198, hakuridhika na hilo. Yeye aliona kwamba ukiviondolea vitu uwezo wa kutenda umeiondolea akili kazi yake, kwa sababu kujua kitu ni kujua kinatokana na nini na kinaleta nini. Kama fundi niko upande wake. Mteja akiniletea simu isiyopokea chaji siwezi kumwambia ni kadari. Natafuta njia iliyokatika kwenye bodi. Kwa haki, hata Ghazali angeitafuta, maana hakukana kwamba mambo yana ada yake.

Baada ya hapo alikuja Leibniz, Mjerumani, aliyeandika Monadolojia mwaka 1714, miaka miwili kabla ya kufa. Kwake yeye ulimwengu umeundwa na vitu visivyogawanyika, visivyo na dirisha la kuingiza wala kutoa chochote, na bado kila kimoja ni kioo kinachoakisi ulimwengu wote kwa upande wake. Sijui kama kuna maelezo bora kuliko hayo ya simu nane zilizolala mezani. Vinapatana vipi basi, kama havisemezani? Leibniz alieleza kwa mfano wa saa mbili zinazokwenda sawasawa. Ama saa moja inaivuta nyingine, ama yuko fundi anayesimama kati yake kuzirekebisha kila dakika, ama zilitengenezwa vizuri tangu mwanzo kiasi kwamba kila moja ikifuata mwendo wake zitapatana tu. Yeye alichagua ya tatu. Ya pili aliiona haimstahiki Mungu, eti kumfanya fundi wa kushinda anarekebisha saa.

Kijana alijaribu njia hiyo ya tatu bila kujua ni ya nani. Alitaka kuokoa bando, kwa hiyo akakata video ya feri ya Likoni vipande vinane, akaiwekea kila simu kipande chake, akazima hotspoti na kuzianzisha zote kwa pamoja. Mwanzoni zilipendeza. Kisha simu za bei ndogo zikaanza kubaki nyuma, kidogo kidogo, hadi mlango wa mbele wa feri ukawa umeshafika Likoni na wa nyuma bado unapakia watu kisiwani. Tulicheka sana. Leibniz angejitetea kwamba mtengenezaji wa saa zake hana simu za bei ndogo.

Inabaki njia ya kwanza, ya kugusana. Hii watu wa kompyuta wameitafuta kwa muda mrefu, na naelewa kwa nini: ina utu. Ken Hinckley wa Microsoft mwaka 2003 alionyesha tableti mbili ambazo ukizigonganisha kingo zinatambuana na kuwa kioo kimoja kipana, kwa sababu zote mbili zimehisi mtikisiko mmoja kwa wakati mmoja. Wengi watakumbuka Bump, programu ya mwaka 2009. Mnashika simu, mnagonganisha ngumi, namba na picha zinahama. Ilionekana kabisa kwamba simu zimesalimiana. Kumbe kila moja ilikuwa inapeleka habari za mgongano wake kwenye seva ya mbali, saa ngapi na mahali gani, na seva ndiyo iliyoamua kwamba wewe na fulani mmegongana. Google waliinunua kampuni hiyo mwaka 2013, na Januari 2014 huduma ikafungwa. Kuanzia siku ile ungegonganisha simu mpaka zipasuke na zisingejuana. Vitu vinavyoonana kwelikweli na jirani yake nimevikuta kwa David Merrill na Jeevan Kalanithi wa MIT: Siftables, vibao vidogo vyenye kioo ambavyo pande zote nne vina miale ya infraredi ya kutazama nani amekaa ubavuni. Ukikisogeza kibao kwa mwenzake, mwenzake anajua. Ukikiondoa, anajua pia.

Sasa niingie msikitini, maana huko ndiko nilikokuwa nikielekea.

Swala ya jamaa ndiyo kioo kikubwa kuliko vyote ninavyovijua. Watu mia tatu wanainama mara moja, na ukipiga picha kutoka juu utaapa ni kiwiliwili kimoja. Wahubiri wetu wanapenda sana picha hiyo ya kutoka juu. Wanatuambia Mungu anatuona tukiwa kitu kimoja, kwa hiyo sisi ni kitu kimoja. Mimi hoja hiyo hainitoshi. Simu nane nazo zilikuwa kitu kimoja kwa aliyezipiga picha kutoka juu. Kama umoja wetu uko katika jicho la anayetutazama peke yake, basi ndugu yako wa ubavuni anaweza kuondoka na wewe usijue, na picha ikaendelea.

Safina, kile kitabu kidogo tulichokihifadhi tukiwa na meno ya utoto, haikuridhika na picha ya kutoka juu. Inataja masharti ya anayemfuata imamu, na matatu kati yake yananihusu hapa. Anuie kufuata. Wakutane msikitini, au wawe ndani ya kiasi cha dhiraa 300. Na ajue imamu anapohama kutoka kitendo kimoja kwenda kingine. Sharti hili la mwisho wanazuoni wetu wa Kishafii wamelieleza vizuri: unajua ama kwa kumwona imamu, ama kwa kumsikia, ama kwa kumsikia mfikishaji anayerudia takbira yake, ama kwa kuona sehemu ya safu. Hiyo ya mwisho nilipita juu yake miaka mingi bila kusimama. Kuona sehemu ya safu kunatosha. Aliye mbali na imamu, asiyemwona wala kumsikia, swala yake inashikamana kwa sababu anamwona aliye mbele yake, ambaye anamwona aliye mbele yake. Simu haina sharti hata moja katika hayo. Haikunuia; aliyenuia ni mwenyewe, naye alipopigiwa alibadili nia. Haimjui jirani. Kuhusu dhiraa 300, seva haijali hata ikiwa simu moja iko Mombasa na nyingine Kisumu, ila hapo picha hakuna wa kuiona.

Na mwanya. Katika vioo, mwanya una tabia ya ajabu: mlingoti wa jahazi letu ulikuwa umeangukia hasa kwenye nafasi kati ya Tecno na Samsung, pale palipo na fremu mbili na upana wa kidole. Hakuna kioo kilichouonyesha. Muulize yeyote aliyekuwepo, atakwambia aliuona. Jicho linaziba lenyewe. Katika safu hakuna jicho la kukuzibia. Imamu anageuka, anatutazama, anatuambia tusawazishe safu na tuzibe nafasi, na anayeziba ni mwili wa mtu. Aliyetokwa na udhu anaondoka. Wa pembeni anasogea au wa nyuma anapanda. Hakuna anayengoja kuagizwa. Mwaka 2020 misikiti ya Kenya ilipofunguliwa tena baada ya miezi ya kufungwa kwa sababu ya korona, tuliswali tukiwa tumeachana kwa alama zilizobandikwa chini. Swala ilisihi, hakuna aliyebisha. Lakini nilisikia wazee wakisema wameswali peke yao, na hawakuwa wakosefu wa fikihi waliposema hivyo. Alama kama hizo zilipoondolewa Makka, tarehe 17 Oktoba 2021, picha za watu bega kwa bega ziliingia kwenye kila simu iliyopita mkononi mwangu.

Niseme kwamba mimi naswali nyuma ya pazia, au ghorofani, kutegemea msikiti. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya kuona safu sizungumzi kitabuni. Sisi wanawake imamu hatumwoni. Tunamjua kwa spika. Spika ni seva: iko moja, inatoa kwa wote, haihitaji yeyote kati yetu amjue mwenzake. Mwezi wa Ramadhani mmoja, katikati ya tarawehe, nikiwa ghorofani, stima ilipotea. Feni zikasimama, giza, spika kimya. Tulikuwa tumesujudu. Ukisujudu huoni kitu hata mchana, sembuse gizani, na wala hujui kama chini wameshainuka. Aliyekuwa karibu na ngazi alisikia mtikisiko wa wanaume wakiinuka, nguo na magoti, akainuka. Wa ubavuni mwake akahisi bega limeondoka, akainuka. Kuinuka kukaja hivyo hadi kwangu, bega kwa bega, kwa kuchelewa kidogo, na kukapita. Tukamaliza rakaa mbili zile hivyo. Baadhi hawakuhisi kitu, wakanuia kujitenga wakamaliza peke yao, na fikihi inawaruhusu.

Huyo wa ngazini sikumjua na sikumwona uso. Lakini usiku ule ndio ninaoutaja nikiulizwa jamaa ni nini. Imamu alikuwepo, simkatai. Bila yeye hakuna wa kufuatwa. Mungu alituona, hilo ni itikadi yangu na silijadili na mtu. Ila kilichotufanya sisi, pale juu, tusiwe vipande vilivyopangwa karibu karibu, ni kwamba kila mmoja alikuwa ubavu wa mwenzake na akajua hivyo. Mtu akiniambia Ghazali angesema kujua huko nako kumeumbwa na Mungu, nitamjibu sawa. Kumeumbwa begani kwa jirani yangu, wala hakukuumbwa kwenye spika. Mahali kulipowekwa napo pana maana.

Kijana wetu sasa anataka kuzifanya simu zake zitambue jirani anapoondoka, ili zilizobaki zijipange na kuigawana picha upya. Nimemwambia hiyo ndiyo kazi, ile ya mwanzo ilikuwa kiini macho. Bado inamshinda.

Na kwenu nyinyi wa kamati za misikiti nina ombi moja, la fundi na la mwenye kuswali. Mnapojenga ghorofa ya wanawake, msiikamilishe kwa ukuta na spika mkadhani mmemaliza. Acheni uwazi utakaoiwezesha safu ya kwanza ya juu kuiona hata sehemu ya safu ya chini. Kama ukuta umeshajengwa, basi wekeni mfikishaji mwenye sauti karibu na ngazi, mtoto wa chuo anatosha, na pazia lifike kimo cha mtu aliyekaa, lisifike darini. Betri ya kushikilia spika stima ikipotea nitaifunga mimi bila malipo. Ila msianzie kwenye betri.